Jina la Juu Ubaoni

Lifti ya jengo la ofisi za serikali ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne Jumatatu asubuhi, saa ile ile ambayo kila mwenye shida alikuwa ameamua kuileta mjini. Ngazi zilijaa watu wanaohema na kulalamika. Fundi wa lifti alifika na mkoba begani, ovaroli ya buluu imetoboka goti, akapenya katikati yao, akaingiza ufunguo wake na kuivuta milango ya ghorofa ya nne. Sakafu ya lifti ilikuwa chini kiasi cha kimo cha mtoto. Akapiga magoti, akaanza kuwavuta abiria mmoja mmoja.

Sita walipanda wakaenda zao bila asante. Wa saba alikuwa mwanamke wa gauni la manjano lenye vifungo vyeupe, faili kwapani, viatu mkononi kwa sababu alikuwa ameshajiandaa kupanda ukuta mwenyewe.

"Nilijua tu," alisema alipofika juu, mkono wa fundi bado ameushika. "Watu wote duniani huvuta kwa mkono wa kulia. Nikasema huyu si mwingine, ni Kushoto."

Fundi akamtazama vizuri. "Kengele?"

Hilo ndilo lilikuwa jina la mwanamke huyo mtaani tangu shule ya msingi, alipokuwa mgonga kengele wa shule na hakumwonea mtu haya, hata walimu. Sasa alikuwa mwalimu katika shule ile ile. Kushoto na yeye walikulia kitongoji kimoja nje ya mji, dakika arobaini kwa basi kutoka kwenye jengo hilo. Na kwa miaka sita Kushoto hakuwa amekanyaga huko.

"Umekonda," alisema Kengele.

"Na wewe umenenepa."

"Miaka sita, na hilo ndilo neno uliloniwekea?" Akacheka, akaanza kuvaa viatu. "Jina lako bado liko juu, unajua?"

"Juu wapi?"

"Ubaoni! Kwani una majina mangapi?"

Ubao huo ulikuwa katika ukumbi wa jamii wa kitongoji chao, ukumbi uliojengwa na wakazi wenyewe, umesimama kati ya maktaba na zahanati. Ndani kulikuwa na meza moja ya tenisi, na ukutani ubao wenye misumari iliyopangwa kutoka juu hadi chini. Kila mchezaji alikuwa na kibao chenye jina lake la utani, kimetundikwa kwenye msumari wake. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna anayeshushwa ila kwa kushindwa mezani na aliye chini yake. Hashushwi kwa kusafiri, wala kwa kuugua, wala kwa kununa. Kushoto aliondoka akiwa wa kwanza, na wa kwanza akabaki. Wa pili alikuwa Kengele.

Habari hiyo ilimlewesha Kushoto. Alirudi jioni kwenye chumba chake cha ghorofa ya tano, chenye kiti kimoja, sahani moja na dirisha linalotazama dirisha la mtu mwingine, akajiona anakumbukwa na mtaa mzima. Wenzake kazini walikuwa wamechoshwa na hadithi za huko kwao. Walishaijua maktaba ambayo mkutubi alimkagua kila mtoto kucha kabla ya kumpa kitabu. Waliijua mizani ya zahanati iliyompima kila mtu wa kitongoji akiwa mchanga na kumwongezea kila mmoja nusu kilo. "Sasa si uende?" walimwambia. Naye akajibu, "Nitakwenda."

Hakwenda. Mama yake alipofariki miaka sita nyuma, kaka zake waliiuza nyumba, na Kushoto akaona atakuwa mgeni mahali alipotambaa. Akaondoka bila kumuaga hata Kengele, ambaye siku hizo walishaanza kushikana mikono wakitoka mazoezini. Mwezi wa kwanza aliona aibu kumpigia simu. Mwezi wa pili aliona aibu kwamba hakupiga mwezi wa kwanza. Mjinga huyu aliendelea hivyo miaka sita.

Sasa Kengele ndiye aliyepiga, kila jioni, kwa namba aliyoichukua siku ile ya lifti.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Hapo si nyumbani, hapo ni unapolala tu. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula na nani?"

"Na redio."

Kengele alicheka mpaka Kushoto naye akacheka, peke yake chumbani, ameshika sahani.

"Njoo Jumamosi saa tisa, tucheze," alimwambia siku moja.

"Nitakuja, mpenzi wangu."

"Mpenzi wa nani? Njoo kwanza."

Jumamosi alipiga pasi shati jeupe mara mbili, akafika kituoni, akaacha mabasi matatu yaondoke. Basi la nne lilipofungua mlango, akageuka akarudi chumbani. Simu ilipolia aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena.

"Ulikuwa na kazi?" aliuliza Kengele. Sauti yake haikuwa na mzaha.

"Kuna lifti iliharibika."

"Kilichoharibika ni miguu yako, Kushoto. Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho wa nini?"

Akawa ameshakata.

Jumamosi iliyofuata alipanda basi la kwanza lililosimama, kabla moyo haujapata nafasi ya kubisha. Aliipita nyumba ya mama yake bila kusimama, ila aliona mapazia mageni na baiskeli ya mtoto kibarazani. Mlangoni mwa ukumbi alimkuta mtunza ukumbi, yule yule, ila meno yamepungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe upo hai! Basi yule binti hakutudanganya."

"Binti gani?"

"Kengele, nani mwingine? Kila mwaka kikao kinataka kubadili sheria tukushushe, na kila mwaka anasimama peke yake. Anasema, 'Atarudi.' Watu wanamcheka, naye anasimama tu."

Mtaa haukuwa umemkumbuka. Alikuwa amekumbukwa na mtu mmoja.

Ndani, Kengele alikuwa ameshafunga nywele kwa kitambaa, fulana nyeupe, raketi mkononi. Seti ya kwanza alimchapa. Ya pili Kushoto aliamka, mkono ukakumbuka kazi yake, akashinda. Ya tatu walifika kumi kwa tisa, Kengele mbele. Hapo Kushoto akamwangalia, yale ya mtunza ukumbi yakamrudia, naye akaupeleka wavuni mpira ambao hata kipofu angeurudisha.

Watazamaji wakapiga makofi. Kengele hakusogea.

"Rudia."

"Umeshinda, jamani."

"Nimesema rudia." Akamrushia mpira. "Hapa nimechekwa usoni miaka sita. Nimevumilia kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumshinda. Leo unanipa kama peremende?"

Kushoto akaona haya mpaka masikioni. Waliianza upya seti ya tatu, na safari hii alicheza kwa nguvu zake zote. Shati jeupe lililowa. Alimkimbiza Kengele kona hadi kona, naye akakimbizwa, na kwa kumi na mbili kwa kumi akapigwa kihalali. Kengele alipanda juu ya kiti, akashusha kibao cha Kushoto, akatundika cha kwake, halafu akakitundika cha Kushoto kwenye msumari wa pili.

Walitoka wakakaa ngazini. Kushoto alikuwa na furaha ambayo alikuwa ameisahau.

"Jumamosi ijayo nalipiza kisasi."

"Jumamosi ijayo sipo," alisema Kengele. "Nimepata uhamisho. Siku ile kwenye lifti nilikuwa nafuatilia barua. Shule iko safari ya siku mbili. Naondoka Jumatatu."

"Nani kakuhamisha?"

"Niliomba mwenyewe. Nimechoka kungoja mahali ambapo kila mtu anajua ninangoja nini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja kwa huruma. Nilitaka uje kwa kutaka."

"Niliogopa, Kengele. Nilidhani nikirudi nitakuta hakuna anayenihitaji."

"Nilikuhitaji mimi. Dakika arobaini, Kushoto. Dakika arobaini tu."

"Usiende."

"Nataka kwenda."

"Na sisi?"

"Sisi gani? Hujanipigia simu hata mara moja. Kila mara ni mimi." Alimshika shavu kidogo, akasimama, akashuka barabara ya shule akijipangusa macho kwa kile kitambaa cha nywele.

Jumatatu Kushoto alitengeneza lifti mbili. Alipotoka kazini miguu ilimpeleka kituoni yenyewe, akapanda basi la kitongojini, akaenda kukaa kwenye ngazi zile zile. Jua lilikuwa bado juu ya maktaba. Akatoa simu. Iliita kwa muda mrefu.

"Haloo?" Nyuma ya sauti kulikuwa na mngurumo wa basi.

"Ni mimi."

"Naona. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Niko ukumbini, kwenye ngazi. Nakupenda, Kengele. Najua nimechelewa."

Akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Umechelewa sana," alisema Kengele, akilia waziwazi sasa.

"Shule zikifungwa nakuja huko. Unashuka kituo gani?"

"Sijui, ndiyo kwanza naenda."

"Ukifika uniambie."

"Nipigie wewe, uniulize."

"Lini?"

"Kesho. Na keshokutwa. Tutaona utachoka li—"

Ikakatika. Wauguzi walikuwa wanafunga madirisha ya zahanati. Watu wawili watatu walimpita wakamsalimu kwa jina lake, naye akawaitikia, simu ingali sikioni. Akapiga tena. Hapatikani. Akangoja kidogo, akapiga tena.