Mashine Iliyojibu Upesi

Hivi wewe, umewahi kumwacha unayempenda abebe kosa lako, nawe ukanyamaza?

Mujibu alinyamaza. Walikutana kwenye kibanda chake cha ufundi stendi ya Masasi, Zabibu kajitanda khanga ya zambarau, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Kaka fundi, unatibu na hizi?"

"Natibu hata wenye nazo."

Zabibu akacheka. Fundi akapotea hapohapo.

Akamwekea mfumo wa Linux, kompyuta ile yenye betri iliyokufa ikawa seva ya kutunzia picha za studio yake kule Newala. Kila Jumamosi Mujibu akapanda mlima kwenda kuikagua.

"Mashine yako mvivu, mpenzi," Zabibu alimtania kwenye simu. "Naweka picha, namaliza chai, bado inajivuta."

"Nitaifanya iruke, malkia wangu."

Akaipa amri ijibu "tayari" picha zikiwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika, hazijafika kwenye diski. Ikaruka kweli.

Kisha watoto wa kijiji cha Mnyambe wakatoka jandoni, wamepakwa mafuta, nguo mpya zinanukia duka, mama zao wakicheza ngoma. Zabibu akawapiga picha. Seva ikajibu tayari, naye akafuta kadi ya kamera. Kuinuka tu, akajikwaa kwenye waya wa umeme. Mashine ikazimika, picha zikapotea nayo.

"Ni mguu wangu," alilia kwenye simu. "Jando halirudiwi, Mujibu."

"Pole."

Pole tu basi. Jumamosi ikafika, hakupanda, angemtazamaje? Nyingine ikapita. Ndipo simu ikaita.

"Nakwenda Mnyambe kuwaangukia wale kina mama," Zabibu alisema taratibu. "Na wewe najua umenichoka."

"Usiende. Si mguu wako. Ni mimi niliyeifundisha kusema tayari kabla haijaweka. Nilitaka unisifu."

Simu ikakatwa.

Asubuhi Mujibu alikuwa studioni Newala. Zabibu hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Fundi akairudisha mashine ilivyokuwa, akaweka picha moja, wakasubiri hadi ikajibu.

"Vuta waya."

Zabibu akasita, akauvuta. Walipoiwasha tena, picha ilikuwepo.

"Imerudia uvivu wake," Mujibu akasema, macho chini. "Mnyambe nitakwenda mimi, niwaambie wazi. Nisamehe."

"Tutakwenda wote." Zabibu akapangusa kioo kwa pindo la khanga, ingawa hakikuwa na vumbi. "Ila mimi sikutaka iende mbio, Mujibu. Ilipokuwa ikijivuta, na wewe ulikuwa unachelewa kuondoka. Nilitaka ukae."