Tende Mdomoni mwa Ilyas

Kila Ijumaa, akitoka shule, Ranim alipanda basi na Bibi Mongia hadi hospitali moja ya mjini Sfax, Tunisia, kumtazama mdogo wake. Ilyas alikuwa njiti, aliyezaliwa mimba ikiwa na miezi sita na nusu, amelazwa ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, kifua kikimwenda mbio. Pacha wake alikuwa ameshafariki na kuzikwa. Tangu siku ile mama yao alijibu watu kwa kichwa tu.

"Watoto wetu wote hulambishwa tende wakizaliwa," Bibi alinung'unika njiani Ijumaa moja. "Yule kaondoka hajaonja utamu wa dunia. Na huyu naye?"

Maneno hayo yalimkaa Ranim rohoni. Wodini, Nesi Sihem aliyemhudumia Ilyas alipotoka kidogo, Ranim alitafuna tende aliyokuja nayo ikalainika, akapenyeza kidole kwenye tundu la kioo na kumpaka Ilyas mdomoni. Mtoto akalamba. Ranim nusura alie kwa furaha.

Nesi akarudi na kijiti cha pamba. "Leo tunachukua mate yake. Tukiyapima tutajua kama mapafu yanaelekea kuugua, tuanze dawa mapema. Hajatiwa kitu mdomoni?"

"Hapana," Ranim akajibu haraka.

Nje, Ranim alimkuta mama amekaa kwenye benchi, ameshika jozi mbili za soksi ndogo. "Mate wameyapata?" akauliza. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu maziko. "Safari hii tutajua mapema, mwanangu. Kwa mwenzake tulichelewa."

Ranim akaikumbuka ile tende. Vipi kama mate yale yatadanganya kama yeye? Akageuka, akakimbia kwa nesi na kumweleza yote.

Nesi Sihem akakitupa kile kijiti. "Umenikasirisha sana. Kidole chako kingeweza kumuua. Lakini ungenyamaza, tungeyaamini mate haya."

Walimwangalia Ilyas kwa hofu hadi kesho yake, wakachukua mate mengine. Majibu yalikuwa machungu: mapafu yalikuwa hatarini. Dawa ikaanza siku hiyohiyo.

Wiki nyingi baadaye Ilyas alitoka hospitali, mwembamba, lakini anapumua mwenyewe. Bibi, aliyekiri kuwa kosa lilikuwa lake pia, aliziacha tende kabatini.

"Najua ulimpenda," mama alimwambia Ranim, akimvisha mtoto soksi. "Lakini ukikosea, sema palepale, hata kama utaaibika. Kosa likisemwa mapema, hurekebishika. Kwa mwenzake hatukupata nafasi hiyo."

Kisha akaikunja ile jozi ya pili taratibu, akairudisha mkobani.