Picha Arobaini za Mama Akiota Jua

Kufuli lilikuwa kwa nje.

Ndugu zangu, rudieni hapo. Mlango wa chumba cha mama yangu mzazi, saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, umepigwa kufuli... kwa nje.

Nikachomeka bisibisi. Komeo likang'oka na skrubu zake.

Ndani giza. Giza la ndani ya tangi la maji. Harufu nawasitiri.

"Mama?"

Kisha sauti ndogo kutoka kitandani:

"Ni wewe mwenye taa?"

Sikumwelewa. Nilimwelewa baadaye, na ndiyo maana nawaandikia.

Mimi ni fundi simu. Sikusoma darasani, nimesomea kwenye meza za mafundi wengine, nikitumwa chai na kuibia kwa macho. Kwangu ni vyumba viwili, watu tisa, na jirani anayekuja kuomba chumvi anaondoka baada ya saa tatu. Napenda hivyo. Umbea wote wa mtaa lazima upite mezani kwangu ukaguliwe. Nimemrithi mama.

Mama akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala. Daktari akasema mgonjwa anahitaji utulivu.

Utulivu, kwangu? Ningeuazima wapi?

Kaka yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, ana nyumba kubwa, na nyumbani haonekani. Mkewe, wifi yangu, tunamwita Madamu. Akasema, "Mleteni. Mama yenu si mama yangu?"

Nikammwagia sifa kwenye grupu la familia mpaka vidole vikauma.

Ila roho haikutulia. Nikatengeneza kifaa, ukubwa wa kiberiti. Kinapima joto la chumba, kinahisi kitanda kikitikisika, kinanitumia habari kwenye simu kila dakika kumi. Ndani kina betri bapa kama sarafu. Juu nimekibandika kipande cha sola kivune mwanga wa dirishani, kijichaji chenyewe, nisimsumbue mwenye nyumba na mambo ya chaja. Kikituma, kitaa cha kijani kinapepesa mara moja.

Nikakiweka ukutani, pale kitanda kinapogusa, mkabala na dirisha.

"Mama, kikipepesa ujue ni mimi nakuchungulia."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Jumapili, siku ya kwanza, chaji ilipanda kutoka sitini hadi tisini na saba. Nikatamba mtaa mzima.

Jumatatu ikaanza kushuka. Tisini na nne. Tisini na moja. Themanini na saba. Haikupanda tena hata nukta.

Na kila asubuhi Madamu anatuma picha. Mama kwenye kiti, dirishani, jua limemjaa usoni. Leo mtandio wa bluu, kesho wa zambarau.

"Bibi yenu anaota jua."

Grupu zima linamwaga makopa mekundu.

Sasa nyinyi niambieni. Picha zinaonyesha jua. Chaji haiingii. Kibovu ni nini?

Kifaa. Si ndiyo?

Nikampigia.

"Wifi, hebu nifutie ile sola vumbi."

"Nimfute mama yako au nifute mitambo yako?"

"Mara moja tu, wifi."

"Wewe umeokota vyuma jalalani halafu unataka vifanye kazi. Fundi wa kando ya barabara, kubali umeshindwa."

Hapo akanipata. Nikawaka... si kwa ajili ya mama. Kwa ajili ya jina langu.

Nikaanza kubana matumizi ya betri. Nikakipelekea kifaa amri kwa simu, nikiwa nimekaa kwangu na kikombe mkononi: usitume kila dakika kumi, tuma kila baada ya saa sita. Na kile kitaa cha kijani nikakizima kabisa. Fundi yeyote atakwambia, ukitaka betri idumu, anza na taa.

Kisha nikainama mezani wiki tatu kuunda saketi mpya ya kuchaji, inayoweza kunyonya hata mwanga hafifu. Binti yangu ananiuliza, "Twende lini kwa bibi?"

"Nikimaliza hii."

Siku ya arobaini na moja kifaa kikaisha chaji. Saketi mpya ilikuwa tayari. Nikaenda bila kupiga simu, maana nilitaka kumwona Madamu uso utakavyomshuka.

Nisiwadanganye. Sikwenda kumwona mama. Nilikwenda kubadilisha kifaa.

Basi ndipo hapo nilipolikuta kufuli. Kishindo cha komeo kikamleta Madamu kutoka uani, mikono ina povu.

"Unavunja mlango wa watu?"

"Dirisha liko wapi?"

Badala ya dirisha kulikuwa na ubao, umepigiliwa misumari kuzunguka fremu yote.

"Alikuwa anaita wapita njia," akasema. "Anawaambia hajala."

"Alikuwa amekula?"

"Alikuwa ananichafulia jina."

"Nimeuliza, alikuwa amekula?"

Akajifuta povu kwenye nguo.

"Na zile picha, Madamu?"

"Picha ni picha."

Nikazifungua palepale. Arobaini. Kivuli cha nondo za dirisha kimelala kwenye shavu la mama, palepale, picha zote. Mitandio sita, inabadilishwa kwa zamu. Zilipigwa zote ile Jumapili ya kwanza, siku pekee ambayo betri yangu ilipata mwanga.

Kifaa kilikuwa kizima. Kilinieleza ukweli siku arobaini, mimi nikawa nakitibu.

Nikampigia kaka. Nikasikia honi na injini ya lori.

"Usiyakuze," akasema. "Kwani si uliweka mashine? Haikukwambia?"

Nikakata simu.

Nilimbeba mama mgongoni hadi barabarani. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa nguo zilizokauka.

Sasa yupo kwangu, katikati ya watu tisa na kelele zao. Wiki ya pili ndipo alipoanza kuongea, neno moja moja.

"Mle gizani nilikuwa nakisubiri kile kitaa," akaniambia. "Kikipepesa, najua ni wewe. Nakupa habari zote ninazozisikia nyuma ya ubao. Nani kapita njiani, nani kagombana na nani. Najua unanisikia."

Nikamshika mkono.

"Halafu kikanyamaza. Nikasema, hata mwanangu amenichoka. Nikaacha kuongea."

Sikumwambia aliyekizima ni nani. Mpaka leo hajui. Nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Madamu bado anaishi nyumba ileile, na kwenye grupu bado anasalimia kila asubuhi. Mtukaneni mnavyotaka. Ila yeye alimzibia mama dirisha. Ile nukta ya mwanga iliyobaki nilizima mimi, kwa kidole kimoja, nikijiona fundi.

Kama una mzazi mbali, na kitu kikakwambia huko mambo si sawa, usianze kukikagua hicho kitu. Nenda kamwone mzazi.

Saketi mpya inafanya kazi vizuri sana, kama mtauliza. Inachaji hata kwa mwanga wa tochi.

Ipo kwenye droo.