Simu Iliyolia Mochwari

Simu ililia juu ya meza ya chuma, na mwenye simu alikuwa amelala hapohapo, amefunikwa shuka hadi kidevuni.

Kimya alishtuka, kitambaa kikamponyoka. Wenzake walimpa jina hilo kwa upole wake. Miaka minne ya kuosha maiti ilikuwa imemzoesha mengi: muungurumo wa majokofu, baridi inayopanda kutoka sakafuni, hata ile hali ya kuhisi unatazamwa ilhali kila jicho chumbani umelifumba mwenyewe. Lakini simu ya marehemu kutetemeka ndani ya mfuko wa plastiki, ikijisogeza polepole kuelekea mkono wa mwenyewe kama inayotaka kupokewa! Hilo lilikuwa geni.

Kioo kiliandika: MWANANGU.

Mama yule aliletwa saa saba mchana. Alianguka stendi, wasamaria wakamkimbiza hospitali, akafika ameshakata roho. Hakuwa na kitambulisho. Kimya akavuta pumzi, akapokea.

"Haloo?"

"Mama! Mbona hupokei? Nimepiga mara sita!"

Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi kwa mwaka mzima: "Umeamkaje, nesi wangu?"

Akakata. Hakujua kwa nini.

Akageuka kuutazama uso aliotoka kuuosha. Nyusi zilizokutana katikati, kidevu chenye kishimo. Alikuwa akiyatazama hayo kila siku kwenye uso wa mchumba wake, kijana wa saluni aliyeitwa Kinyozi. Na huyu ndiye mama ambaye Kimya alikuwa akatambulishwe kwake Jumapili. Walikuwa wamezungumza kwa simu mara mbili tu. "Mkwe wangu, uje mapema nikuone vizuri," mama alimwambia.

"Mama," Kimya alinong'ona, "ndivyo tunavyoonana?"

Jokofu likanyamaza ghafla. Chumba kizima kikatulia, kana kwamba kuna mtu anayevuta pumzi ili ajibu.

Ikalia simu nyingine. Hii ilikuwa yake, mfukoni.

"Nesi wangu, uko wodini?"

Hakuwa nesi. Hakuwahi kuwa. Mchumba wake wa kwanza alipojua anafanya kazi gani, alikwenda bombani akanawa mikono mbele yake, akaondoka moja kwa moja. Kinyozi alipomkuta getini na sare, akadhani ni nesi, Kimya akaacha iwe hivyo. Alijiambia mtu mnyenyekevu hajisemi.

"Niko... niko wodini."

"Nisikilize. Nimepiga simu ya mama, ikapokewa na mwanamke. Kasema haloo, ikakatika. Ile sauti... ilikuwa kama yako. Nywele zimenisimama."

Kimya akaziba mdomo kwa kiganja.

"Watu wa stendi wanasema kuna mama kaletwa hospitali yenu. Niko njiani, nakaribia getini. Kaniulizie, tafadhali."

"Nitauliza."

Mzee Ufunguo, mhudumu mwenzake mtunza funguo za mochwari, alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote.

"Ni mama wa yule kijana wako?"

"Ndiye."

"Na bado hajui kazi yako?"

"Hajui."

"Ingia chumba cha nyuma. Nitampokea mimi. Atamtambua mama yake, ataondoka, wala hatakuona."

Kimya akaingia, akasimama gizani katikati ya majokofu. Alisikia mlango, akasikia nyayo, akasikia shuka likifunuliwa. Kisha kilio cha mwanaume, kilichopita ukutani kikamfikia kama kimetoka ndani ya jokofu la mgongoni mwake.

"Mzee, alikufa peke yake?"

"Aliletwa ameshafariki, mwanangu."

"Nani kamwosha? Nani kamfunga kitambaa vizuri hivi?"

"Mhudumu tu."

Kimya alianza kuomba kama alivyoomba kila asubuhi. "Bwana, mimi si kitu..." Akaikatiza sala. Nani alimwambia si kitu? Mungu hakusema hivyo. Aliyesema ni yule aliyenawa bombani. Yesu aliushika mkono wa binti aliyekufa bila kinyaa. Alipiga magoti akaosha miguu ya watu, na aliinama vile akijua vema yeye ni nani. Kimya alikuwa ameinama miaka yote kwa sababu alimwamini mtu mmoja aliyemkimbia. Na sasa mpenzi wake analia nyuma ya ukuta, yeye amejificha kama mwizi.

Akafungua mlango.

Kinyozi aliinua macho. Akaona aproni, akaona glovu na buti nyeupe za mpira.

"Kumbe ilikuwa sauti yako kweli."

"Ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemwosha mama. Mimi si nesi. Hii ndiyo kazi yangu."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima nimekudanganya."

"Ulidhani nitakuona najisi?"

"Nilijiona hivyo mimi kwanza. Nikadhani huo ndio unyenyekevu, kumbe najionea aibu. Na wewe nikakuhukumu kabla hujasema neno."

Kinyozi alimbusu mama yake kwenye paji, akatoka.

Siku mbili hakupiga. Kimya akamwandikia: "Sikuombi unioe. Naomba unisamehe uongo. Kazi yangu sitaiombea msamaha." Alama mbili zikageuka bluu. Jibu halikuja.

Siku ya tatu ndugu walikuja kuuchukua mwili. Shangazi mtu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, alimwona Kimya akisogeza jeneza.

"Huyu ndiye mliyeniambia? Asimguse wifi yangu! Mikono ya mochwari isije ikatuletea mikosi nyumbani."

Zamani Kimya angeinamisha kichwa na kupotelea chumba cha nyuma.

"Shikamoo, shangazi. Poleni sana. Mkitaka mwingine awasaidie, nitasogea, msiba ni wenu. Lakini sitasogea kwa sababu mimi ni mchafu. Mimi si mchafu."

Shangazi alijitia kati yake na jeneza.

"Mwache, shangazi," Kinyozi alisema kutoka mlangoni. "Mama alipokosa mtu, huyu alikuwepo. Mimi nilikuwa nanyoa watu, mashine ikiunguruma." Akamsogelea Kimya, akashusha sauti. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Ila sitaki kuwa na hasira mbali na wewe. Nilikuwa naringa kila mahali kwamba mchumba wangu ni nesi. Nami nina la kutubu. Shika upande ule."

Wakaliinua jeneza pamoja.

Miezi minane baadaye, ndoa yao ilitangazwa kanisani. Katibu alisoma jina la bwana harusi na kazi yake, akafika kwa bibi harusi, akasita, kisha akasoma kama Kimya alivyoandika mwenyewe: mhudumu wa mochwari. Mtu mmoja akavuta mkoba wake kwenye benchi, ukae mbali kidogo. Kimya alisikia baridi ikimpanda shingoni, ile ya kutazamwa, lakini safari hii macho yote yalikuwa wazi. Akabaki amesimama wima, ametulia.

Baada ya ibada, bibi mmoja mwenye fimbo alimfuata, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, mume wangu alipita kwako mwaka jana. Hawakuniruhusu kumwona kwa vile ajali ilivyokuwa. Alikuwa na kovu begani, kama la moto."

"Namkumbuka, bibi."

"Nimekuwa nikimwota ananiita. Niambie kweli. Alikuwa na hofu usoni?"

"Hapana, bibi. Alikuwa kama mtu aliyechoka, akalala. Nilimwosha, nikamfunika vizuri. Hakukaa peke yake."

Bibi hakuiachia ile mikono. Aliiinua, akaiweka kwenye mashavu yake, akafumba macho. Watu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo, na Kinyozi akaenda kumletea bibi kiti.