Unga wa Shangazi Maidei

"Unajiwekea nini huko chini, dada?" daktari aliuliza.

Ratidzo, mke wangu, alitazama viatu vyake. Tulikuwa hospitalini mjini Gweru, mwaka wa sita wa ndoa, bila mtoto.

"Unga wa mizizi. Wa kukausha. Shangazi alinipa siku ya harusi."

"Ukauke kwa nini?"

"Wanaume wanapenda hivyo."

Daktari akanigeukia. Nikajifanya nasoma bango ukutani.

"Nimepima ute wa mlango wa kizazi chake," alisema. "Mbegu zako ni nzima, ila zikifika pale zinatetemeka tu, haziendi. Unga unamchubua, na mwili wenye vidonda huita walinzi. Ute umejaa protini za kinga, zinakamata mbegu zako kama vijidudu. Aache unga miezi sita, ameze dawa hizi, tupime tena. Siahidi, lakini nafasi ipo."

Tulipotoka nje Ratidzo alicheka mpaka akafuta machozi.

"Umesikia, Shumba? Nina askari tumboni! Na mwizi wao ni wewe."

"Waambie mimi ni mwenyeji, Chihera."

Ndivyo tulivyoitana, kwa majina ya koo zetu.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja alikuwa ananimiminia chai.

"Mbona siku hizi huna raha na mimi?"

"Ninayo. Ila... umekuwa majimaji."

Nilisema hilo tu. Nikamaliza chai, nikaenda karakana.

Wiki mbili baadaye, nikiwa kazini, ujumbe wake ukaingia:

"Shumba, nina homa, tumbo linawaka. Usikasirike. Nilirudi kwa shangazi, akanipa unga mkali zaidi. Nilitaka ufurahi."

Nilipomfikisha hospitali, uambukizo ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Aliishi siku tatu.

Siku ya mazishi, Shangazi Maidei alikuja na gunzi la mahindi na kipande cha kitambaa. Kwetu, anayekufa bila kuzaa hufungwa gunzi mgongoni, liwe mtoto wake, roho yake isirudi kudai mtoto.

"Mfungeni," aliwaambia wanawake. "Maskini binti wa kaka yangu. Tumbo lilimkatalia."

"Tumbo halikumkatalia," nikasema.

"Mkwe, toka. Haya ni ya wanawake."

"Ni unga wako, Shangazi. Daktari alimkataza."

Nyimbo zikakatika.

"Unga wangu?" Alinitazama bila kupepesa. "Ndiyo, nilimpa. Akauacha, wala sikumfuata. Halafu akanijia analia, anaomba mkali kuliko ule. Haya, niambie wewe uliyekuwa ukilala naye. Nani alimrudisha kwangu?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Mama yake Ratidzo pia.

"Mimi," nikasema. "Nilimwambia amekuwa majimaji."

Mama yake akajifunika uso kwa kanga.

Shangazi hakunitukana. Alishika mkono wangu, akaweka gunzi kiganjani, na kitambaa juu yake.

"Basi mfunge wewe."

Nikapiga magoti. Fundo la kwanza lilifunguka. Nikafunga tena.