Kamba Iliyoshuka Ukunguni

Yaliyompata Harlan Tolliver nilisimuliwa na mkewe, na mwanamke yule si mtu wa kuongeza chumvi. Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida tu: maharage, kahawa chungu, na ukungu uliolalia misonobari ya New Jersey. Harlan na mdogo wake Emmett walikuwa wanajeshi wa majini ambao bahari waliiona kwa nadra. Kazi yao, pamoja na wenzao, ilikuwa kudaka kamba zinazoteremshwa na meli ya anga, lile dubwana la gesi, na kulivuta mpaka bandani.

Sheria ilikuwa moja. Upepo ukilinyanyua, afande anapaza sauti, "Acha!" na wote wanaachia kwa pamoja. Ukiachia mapema, umewaponza wenzako. Ukichelewa, unapaa nalo.

Jana yake Emmett aliachia mapema. Afande Kratzer, mtu mwenye roho mbaya kupindukia, alimfunga mikono kwenye kamba ya mlingoti mbele ya kikosi kizima, akamwacha juani mpaka akajikojolea. Watu wakacheka. Harlan naye alicheka, Mungu amsamehe, maana kama asingecheka angefungwa pembeni yake.

"Ukiachia tena kabla sijasema, nakutimua jeshini," Kratzer alimwambia. "Rudi kwa mama'ko mkatafune magome ya miti."

Hayo hayakuwa matani. Mama yao alikula kwa mishahara ya wanawe wale wawili, na miaka ile kazi ilikuwa haipatikani hata ya kuzika mbwa.

Basi honi ikalia, watu wakatoka mbio. Juu ukungu ulikuwa mzito, injini zinanguruma, meli yenyewe haionekani. Kamba ikashuka. Emmett akaiwahi wa kwanza, glavu zake za ngozi mikononi.

"Leo siachii, kaka. Hata mikono ikatike."

"Acha ujinga, bwana mdogo. Wewe sikiliza amri tu."

Harlan akaishika nyuma yake. Ilikuwa na joto. Jamani, kamba itokayo angani asubuhi huwa ya baridi, tena imelowa.

"Injini zimenyamaza," Harlan alinong'ona.

Kamba ikavuta. Visigino vikainuka.

"Acha!"

Ilikuwa sauti ya Kratzer, kutoka nyuma yao. Mikono yote ikafunguka. Ya Emmett haikufunguka.

"Acha, Emmett!"

"Afande anasema nishike!" Alikuwa analia. "Yuko hapa sikioni, kaka. Anasema shika!"

Harlan akageuka. Kratzer alikuwa kule mbali, kakodoa macho, kinywa wazi. Harlan akaruka. Akagusa kisigino tu. Emmett akapanda, akamwita mama, akamwita tena. Ukungu ukamfunika.

Wakasubiri aanguke. Hakuna kilichoanguka.

Mtu wa redio akaja anahema. "Nani kawatoa nje? Meli bado iko Virginia! Haijapaa kwa sababu ya ukungu."

"Na honi?"

"Honi sijapiga mimi."

Alasiri mbingu ikatakata, meli ya kweli ikaja. Ikateremsha kamba. Glavu mbili za ngozi zilikuwa zimeing'ang'ania, zimefumba, zimejaa, utadhani mna mikono ndani. Waliokuwa melini waliapa kwamba kamba ile haikukunjuliwa tangu Virginia.

Harlan alizijua. Mama yao ndiye aliyezishona. Akavuta kidole kimoja kimoja, wapi! Havikulegea.

"Emmett, ni mimi," alinong'ona. "Achia, mdogo wangu."

Zikazidi kukaza. Uzi wa mshono ukakatika.

Watu wakamgeukia Kratzer.

"Mwambie," Harlan alisema. "Mwambie, afande. Anakusubiri wewe."

Kratzer akatikisa kichwa. Akarudi nyuma hatua, akakuta kikosi kizima kimesimama mgongoni pake. Hakuna aliyempisha.

"Acha," akasema kwa sauti ndogo.

Glavu zikafunguka. Zikaanguka majanini, tupu, viganja vimechanikachanika. Harlan akaziokota, akaingiza mkono mmoja. Ndani mlikuwa mmelowa jasho, na jasho lilikuwa bado la moto.