Nguvu za Kumwogesha Mjukuu

Norbert na mke wake Émilienne wanapendana, na mtaa mzima wa Baraka unajua. Jioni Émilienne anasonga bugali, anapika sombe ya majani ya muhogo na samaki mmoja wa ziwani, mukeke. Samaki mzima anamwekea mumewe. Yeye anachovya bugali kwenye supu, basi.

"Bwana anavuta nyavu," anasema. "Mi iko tu nyumbani."

Mwaka huu miguu yake ikaanza kulegea. Akiinuka mkekani anashika ukuta. Norbert akamwonea huruma, akamnyang'anya mtwangio wa sombe na ndoo ya maji.

"We kaa, Mama Aline. Bengine batafanya."

Akakaa, akazidi kulegea. Na binti yao Aline alikuwa na mimba kule Lulimba, angejifungua miezi michache ijayo. Mzazi huogeshwa na mama yake, na mtoto vilevile. Émilienne akalia.

"Nitashika mutoto na mikono gani? Nitamuangusha."

Wakaenda kituo cha afya kwa Nadège, muuguzi jirani yao. Nadège alimpima damu, hakuona ugonjwa.

"Mama, jana ulikula nini?"

"Bugali na supu."

"Na samaki?"

Émilienne akamtazama mumewe. "Samaki nakula mimi," Norbert akasema. "Na mutwangio nilimunyang'anya."

Nadège akacheka. "Munapendana sana, lakini munapendana vibaya. Misuli haiko ya kubeba ndoo tu. Ikifanya kazi, inatuma ujumbe ndani ya damu. Ujumbe unafika ku mifupa, ku maini, hata ku ubongo, unasaidia yote. Misuli yenye njaa haitumi ujumbe vizuri. Ile inayokaa bure inanyamaza."

"Sasa nile nini?"

"Samaki, ndakala zile dagaa ndogo, maharagi, karanga. Kila siku kimoja kisikose. Na mutwangio urudi, pole pole."

Jioni ile Norbert alimkata mukeke katikati. Émilienne akasukuma kipande chake kwa mumewe. Norbert akakirudisha.

"Kula. Nitakutazama mpaka umalize."

Akamtazama kweli, mpaka akamkera. Samaki wakikosekana, walikula maharagi. Asubuhi Émilienne alitwanga kidogo, akapumzika, akatwanga tena. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miezi, aliinuka mkekani bila kushika ukuta.

Simu ikaja kutoka Lulimba: Aline amepata mtoto wa kike. Émilienne akafunga kitenge, akasafiri. Akamlaza mjukuu mapajani, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu, kiganja kikishika ile shingo ndogo. Mtoto hakumponyoka.

"Mama," Aline akasema, "niliogopa hautakuja."

"Hata mi niliogopa. Lala sasa. Mutoto niko naye."